Mtani wa Mlezi Mkuu

Mlezi Mkuu alikuwa mezani anakunywa uji, na Zawena hakujua amvishe uso gani.

Alishamvisha nyuso nyingi tangu kazi ianze. Uso wa usingizi. Uso wa mzee anayetafuta miwani huku ameivaa. Uso wa kununa kwa sababu redio imekufa betri. Hizo zilikuwa kazi nyepesi. Mtu ambaye jina lake tu lilinyamazisha soko zima, nyumbani kwake alikuwa mzee wa soksi zilizotoboka, anayekigombeza kijiko kikimwangukia. Zawena alikuwa amemzoea, na kule kumzoea hakukupenda.

Kivuli cha mzee kilielea juu ya kiti, chekundu kama kaa la moto lililoanza kufifia. Kilikuwa na mabega, tumbo, mkono uliopanda na kushuka. Kichwani palikuwa na joto tupu, bila jicho wala mdomo. Kuta zilijua alipokaa na alichosema. Zilichoshindwa kujua ni kama aliposema alikuwa ametabasamu.

Kuta hizo alizitaka mwenyewe. Wakati wa utawala wake aliagiza Nyumba ya Juu yote, makazi yake ya mlimani, tangu sebuleni hadi chooni, ipigwe lipu mpya iliyokorogwa na chembe za kunasa sauti na joto la mwili. Akitiwa sumu, walinzi wake waisome lipu wajue nani aliingia na nani alitoka. Hakuna aliyemtia sumu. Utawala ulimponyoka, na mwaka uliofuata akafa kitandani kwa kikohozi, mlimani huko huko, kwenye ukungu. Lipu ikabaki na maisha yake yote ya ndani, ikimsubiri wa kuyasoma.

Aliyekuja kuyasoma ni Dikwe, mtengeneza filamu. Alitaka filamu isiyo na vita, isiyo na hotuba wala gereza. Nyumbani tu. Mashine ilitoa sauti na vivuli, na wavishaji kama Zawena wakavivisha sura. Wenzake Zawena walishamaliza vyumba vyao wakateremka mjini. Yeye alibaki peke yake na chumba cha kulia, na jioni alikula mkate mkavu akiwa amesimama jikoni, kwa sababu hakuweza kukaa kwenye viti vile.

Sauti ya mlango kufunguka ikatoka ukutani, na kivuli cha pili kikaingia, chembamba, chenye haraka.

"Bado hujafa tu?" sauti ya mwanamke ikasema. "Kila siku naleta uji nikiomba niukute mwili. Mkange mchafu wewe, hata kifo kimekukinai."

Kijiko kiligonga kikombe.

"Hapo!" Dikwe alisema kutoka kwenye simu iliyosimamishwa mezani. Alikuwa mjini, anakula kitu kinacholia mdomoni. "Unasikia? Mtumishi wa ndani, anamwambia usoni! Nchi nzima imefyata, huyu mama hajafyata. Dada Zawena, huyu ndiye filamu. Mvishe hasira. Siyo ya kelele, ile ya kuuma meno."

"Yule ni mama yangu, Dikwe."

"Najua. Ndiyo maana nikakuita wewe. Nani anaujua uso wake kukushinda?"

"Hakuwa na hasira. Sisi Wandoto ni watani wa Wakange. Alikuwa anamtania."

Dikwe alimeza alichokuwa anatafuna. Alikuwa kijana wa uhamishoni, aliyelelewa mbali na nchi hii na kurudi na lafudhi yake, na mambo ya hapa aliyajua kwa kuyasoma. "Utani si yeye mwenyewe aliupiga marufuku? Watu walifungwa kwa utani."

"Aliupiga marufuku kwa watu," Zawena akasema. "Nyumbani kwake aliacha mmoja."

"Hilo watazamaji hawatalielewa," Dikwe akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mgumu kuupinga. "Mama yako anateseka pale Sengwe Chini, uliniambia mwenyewe. Mvishe hasira, uone kama hawatampigia vigelegele."

Akakata simu. Ukungu ulikuwa umeshafika dirishani.

Dikwe hakuwa amekosea kuhusu mateso. Mlezi alipokufa, utawala ukiwa umeshaanguka, alizikwa nyuma ya nyumba na askari watatu waliokuwa wanataka kuwahi kuondoka. Waombolezaji hawakuwepo. Ila kabla maiti haijashushwa, Bi Somoe, mama yake Zawena, alipanda mlima kwa miguu, akafanya anachopaswa kufanya mtani. Akaingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza chali, akasema hatoki, Mkange huyu alizoea kulala peke yake, leo atasogea. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ndiyo desturi. Mtani hucheka msibani ili wafiwa wapumue, ila pale hapakuwa na mfiwa wa kupumua, palikuwa na askari mwenye kamera.

Picha ilifika Sengwe Chini kabla yake. Watu waliopoteza ndugu magerezani wakamwona mke wa Chande, Chande mwenyewe akiwa ni mmoja wa waliopotea, amelala katika kaburi la muuaji huku analia. Tangu siku hiyo hakuna aliyepiga hodi kwake. Dukani walimhudumia bila neno. Akikaa barazani, wapita njia walivuka upande wa pili.

Yeye aliendelea na yake. Kila mlo alipakua sahani ya Chande, akaifunika kawa na kuiweka pembeni, kama alivyofanya tangu siku alipochukuliwa. Chande alikuwa fundi mizani wa chama cha wakulima wa chai, na kosa lake lilikuwa kusema mizani ya serikali inapunja. Zawena alikuwa mdogo, hata sauti ya baba yake hakuikumbuka.

"Atarudi vipi, mama?" aliwahi kumuuliza.

"Mlezi alinipa. Kwa mdomo wake. Mtani hanyimwi, nawe unalijua hilo. Walioninyima ni wale wadogo wa chini yake, na siku moja nitawajua kwa majina."

Miaka yote Zawena alidhani mama yake anajidanganya ili apate usingizi. Sasa alikuwa ndani ya chumba chenyewe, na mashine mkononi.

Lipu ile ina ukorofi mmoja. Husomeka mara mbili tu. Usomaji wa kwanza huilegeza, wa pili ndio unaotoa sauti safi ya kuhifadhiwa, na baada ya hapo ukuta haubakizi kitu ila mvumo. Kwa hiyo wavishaji husoma mara ya kwanza wakiwa wamevaa visikilizio, bila kunasa kitu, ili wajue kilichopo. Alasiri ile Zawena alivaa vyake, akausogeza mkono wa mashine kwenye ukuta ulio karibu na kabati la vyombo. Ulikuwa ukuta wa mwisho.

"We Mkange," sauti ya mama yake ikasema, ikiwa changa, na Zawena akajikuta ameshika kiti. "Nasikia umeniibia mume."

"Mume gani? Yule wa miguu kama vijiti?"

"Huyo huyo. Unamfuga wa nini, hata kukoroma hajui. Nirudishie. Mtani hanyimwi."

Mzee alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na kivuli chake kikayumba kitini. "Mchukue! Mchukue kabla hajanimalizia maharage. Kesho asubuhi yuko kwako."

"Kesho?"

"Kesho. Na ukimpokea umwogeshe."

Kivuli cha mama kilitoka. Kwenye korido sauti yake ilisikika ikiimba, wimbo usio na maneno, wa mtu aliyesahau kwamba yuko kazini.

Kumbe ni kweli. Zawena alitaka kuvua visikilizio akimbie mlima mzima kwenda kumwomba mama yake radhi. Lakini mashine ilikuwa bado inasoma. Mlezi alinyanyua simu ya mezani.

"Yule fundi mizani wa Sengwe Chini," akasema. Sauti ya upande wa pili ilikuwa nyembamba, lakini lipu iliinasa. Alishafariki, Mtukufu. Tangu wiki iliyopita. Walishamzika.

Mlezi akakohoa kidogo.

"Mkewe asiambiwe," akasema. "Huyu mama nimemzoea."

Akarudisha simu mahali pake. Akakaa. Kikombe cha chai mbele yake kilikuwa doa la joto, na doa lile lilififia polepole mpaka likawa sawa na meza, yeye akiwa bado amekaa. Kisha ikaja asubuhi, na sauti ya mama ikiuliza, na ya mzee ikijibu kwamba makaratasi yamechelewa kidogo huko gerezani, na chukua blanketi hili, la mtoto.

Zawena alilijua blanketi hilo. La bluu, lenye pindo la njano. Lilikuwa juu ya kitanda chake chumba cha pili, kwa kuwa bila hilo hakuwahi kulala vizuri popote.

Alikaa sakafuni akalia kwa sauti, na hapakuwa na mtu wa kumwambia pole. Mzee yule alikuwa ameogopa kukosa mtu wa kumtukana asubuhi. Basi. Kwa ajili hiyo mama yake alipakua sahani ya maiti miaka yote, na bado alikuwa anapakua.

Alipotulia alikwenda stoo akachukua patasi. Sehemu ya ukuta iliyonasa mazungumzo ya simu haikuzidi urefu wa mkono. Akiikwangua, usomaji wa pili ungeishia kwenye wimbo wa korido. Mama angebaki na ahadi yake. Angevishwa hasira pia, mji ungemrudia, na Dikwe angepata filamu yake. Kila mtu angepata kitu. Aliiweka ncha ya patasi kwenye lipu, na hakusukuma. Alijiambia atafanya kesho, baada ya mama kuja kutazama uso wake, maana sheria hairuhusu mtu aliye hai aoneshwe akiwa na sura asiyoikubali.

*

Bi Somoe alishuka kwenye gari la filamu akiwa na kikapu kichwani na kawa lake kwapani. Dikwe, aliyekuwa anaendesha, alitaka kumpokea mzigo, akanyimwa.

"Nimeambiwa huku mnakula mikate," Bi Somoe akamwambia binti yake badala ya salamu. "Umekonda mpaka unatia aibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sahani ziko pale pale?"

Akaenda moja kwa moja kabatini kama aliyeondoka jana. Alipakua ugali wa ulezi, maharage na majani ya maboga, sahani tatu. Ya tatu akaifunika kawa. Dikwe, kwa adabu, alibaki barazani akisema atawaacha waone wenyewe kwanza.

Zawena aliwasha mashine. Kivuli chembamba kikaingia na uji, safari hii kikiwa na sura: nyusi zimekutana, taya zimebana, macho makavu. "Mkange mchafu wewe, hata kifo kimekukinai." Ilikuwa kazi nzuri. Hata Zawena mwenyewe alisisimka.

"Huyu nani?" Bi Somoe akauliza.

"Ni wewe."

"Mimi sijawahi kukunja sura hivi hata kwa jino."

"Sikiliza, mama. Watu wakiuona uso huu watajua ulimpinga. Watakuja nyumbani. Watakusalimia."

Vidole vya Bi Somoe vilikuwa vinanyoosha kitambaa cha meza kisichokuwepo. "Watakuja kweli?"

"Watakuja."

"Hata Mama Tegemea wa jirani? Maana tulikuwa tunasukana, mimi na yeye." Akatazama tena ile sura ya hasira, kwa muda, na Zawena aliona wazi jinsi alivyoitamani. Kisha akatikisa kichwa. "Watakuwa wamemjia huyo, siyo mimi. Nitawafungulia mlango na uso gani? Nivishe nacheka, mwanangu. Nilikuwa nacheka."

Zawena alimvisha kicheko. Hakuhitaji kukitafuta, alikuwa amekua nacho. Mama yake akakitazama, akacheka naye.

"Enhe. Sasa siku ya baba yako, imo?"

Zawena alijifanya anarekebisha waya. "Imo."

"Iweke. Sijaja kwa sababu ya uso. Nimekuja ili usikie, uniamini."

Usomaji wa pili ulikuwa huo. Zawena aliuanzisha. Umeniibia mume. Mchukue kabla hajanimalizia maharage. Bi Somoe alisikiliza akiwa amesimama, mikono imeshika ncha za kanga, na ahadi ilipotoka mdomoni mwa mzee alipiga kofi moja kubwa. "Umesikia? Kesho asubuhi! Umesikia, Zawena? Wewe na mji mzima mliniona chizi." Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hakuyafuta. Wimbo ukaanza kwenye korido. Zawena akabonyeza, mashine ikasimama.

"Mbona umezima?"

"Imeisha, mama."

"Haijaisha. Nilikuwa koridoni, nikasikia ananyanyua simu. Nataka nijue alimwagiza nani. Huyo ndiye aliyeninyima."

"Tuishie hapa. Tafadhali."

"Mbona hunitazami?"

Patasi ilikuwa nyuma ya pazia, hatua mbili tu. Zawena aliutazama uso wa mama yake, uso halisi huu, wenye furaha ambayo hakuwahi kuiona juu yake, na akajua hataki kuupoteza. Alitaka kumwachia ile furaha, ili yeye akija nyumbani aikute kila likizo, pamoja na mlo na matusi ya mapenzi. Mkewe asiambiwe. Huyu mama nimemzoea. Hata sababu yake na ya Mlezi ilikuwa moja. Aliona aibu.

"Kaa kwanza, mama," akasema.

Bi Somoe akakaa, kwa mara ya kwanza, kwenye kiti cha meza ile. Zawena alimshika bega, akaachia mashine iendelee.

Simu ikanyanyuliwa. Fundi mizani. Alishafariki, Mtukufu. Asiambiwe, nimemzoea. Kikombe cha chai kikaanza kupoa mbele ya mzee, na bega lile chini ya kiganja cha Zawena halikutikisika hata kidogo.

"Kumbe nilipokuwa naimba," Bi Somoe akasema mwishowe, "alikuwa ameshazikwa."

"Ndiyo, mama."

"Nilimwekea maji ya kuoga. Nikayapasha tena na tena." Akavuta pumzi, ikakatika katikati, akavuta nyingine. "Na nikamchekea yule mzee miaka yote. Nikaenda mpaka kaburini kwake nikamchekea."

Zawena alipiga magoti akamkumbatia kiunoni, na mama yake akamwacha alie, akimpapasa kichwa kama mtu anayefikiria jambo jingine.

Dikwe aligonga mlango, akaingia, akaona kivuli cha mzee bado kiko mezani, kimeinama juu ya kikombe. Usomaji ulikuwa umenaswa wote, na kipande hiki hakuwahi kukisikia. Alisikiliza marudio mpaka mwisho. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama, samahani. Hapa alipokaa peke yake. Wewe ulimjua. Nimvishe machozi? Majuto?"

Bi Somoe aliwaza kwa makini, kwa haki, kama anayeulizwa bei ya kitu. "Sikuwepo," akasema. "Nilikuwepo kesho yake. Alikunywa uji akaomba wa pili. Akaniuliza, mbona leo hunitukani? Nikamtukana. Akacheka."

"Kwa hiyo nimvishe nini?"

"Msimvishe kitu. Mimi niacheni nacheka, watu waone. Yeye aachwe hivyo hivyo."

Dikwe alimtazama Zawena. Zawena akazima taa ya kuvishia, na kivuli kikabaki mwisho wa meza na kichwa chake kitupu, joto lisilo na mtu.

Bi Somoe akavuta sahani ya tatu. Akaondoa kawa, akaligeuza kulitazama, akaliweka sakafuni karibu na miguu yake. Mvuke ulikuwa bado unatoka kwenye maharage. Akaisukuma sahani upande wa Dikwe.

"Kaa ule, baba," akasema. "Chakula hicho hakina mwenyewe."

Zawena akaleta maji, akawanawisha mikono.